Msalaba Uliohamia kwa Estelle

Jua la asubuhi limeanza kuchoma, na Estelle Kunda ameketi kwenye kiti kifupi katikati ya ua wa jirani yake, hapa Katuba, Lubumbashi. Mbele ya miguu yake kuna kipande cha turubai kilichotandikwa chini, cheusi kwa cheupe, chenye alama ya msalaba. Kona zake nne zimekandamizwa kwa mawe. Estelle hafui, hachambui mboga, hasuki nywele. Kazi yake ni kuutazama msalaba huo usitembee.

Kila mara anainua macho. Kaskazini, upande wa Kinsevere, wingu limeanza kujikusanya.

"Iko inakuya," anasema, kama anajisemea.

"Ile si ya leo," anajibu Mama Jeanne Kangwa, mwenye ua, huku akitwanga sombe. "Iko inaogopesha tu bantu."

"We njo wa kunifundisha kuogopa?"

Mama Jeanne anacheka. Halafu anatwanga kwa nguvu kuliko majani ya muhogo yanavyohitaji.

Leo droni inarudi kupiga picha za mtaa wao. Ilishapita wiki iliyopita na kazi ikaharibika, na iliharibika kwa sababu ya msalaba huu. Mara ya tatu haipo. Mvua ikishuka kabla ya droni kumaliza, timu itafunga mizigo yake, na wahandisi watachora mtaro wa maji kwa picha zile mbovu.

Mtaro huo ndio unaomnyima Estelle usingizi. Utachimbwa kufuata kijito kilicho nyuma ya nyumba yake. Ramani itakayotokana na picha, ambayo hapa huitwa karte, ndiyo itakayosema nyumba ipi ibaki na ipi ivunjwe. Yeye, anayelinda alama za ramani hiyo, hajui bado yake iko upande gani.

Estelle ana miaka 38 na watoto watatu. Alikuwa akiuza makala, yaani makaa ya kupikia, kando ya barabara. Timu ya wapima ilipofika, ilitafuta mtu wa mtaa ambaye watu humfungulia mlango bila kuuliza maswali mengi.

"Banauliza, nani anajulikana hapa? Bote banasema, Mama Estelle wa makala," anasimulia. "Ata mbwa za hii avenue zinanijua. Ile njo diplôme yangu."

Kwa siku ya kazi hulipwa faranga zinazotosha unga wa bukari, mafuta na makala. Siku ya mvua hakuna kazi, wala malipo.

Anayeirusha droni ni Zéphirin, mpima ardhi mwenye sauti ya taratibu na kofia aliyoipata kwenye mgodi fulani zamani. Anapenda kueleza kazi yake, na Estelle anapenda kusikiliza. Droni, anasema, hupanda juu kisha huenda na kurudi, kwenda na kurudi, kama mtu anayelima matuta, huku ikipiga picha njia nzima. Kila picha hulalia nyingine kwa sehemu kubwa. Hivyo paa moja huonekana mara nyingi, kila mara kutoka pembe yake.

"Funga jicho moya, jaribu kushika kopo haraka," Zéphirin humwambia mtu yeyote anayeuliza. "Utaikosa. Fungua yote mbili, utaishika. Droni iko na macho mingi, njo ile tu. Kompyuta inaweka ile macho pamoja, inajua kitu gani iko juu, kitu gani iko chini."

Picha za setilaiti nazo zipo. Zinaonyesha jiji zima kutoka juu kabisa, jinsi linavyozidi kusogelea migodi na jinsi miti inavyopungua. Lakini kutoka huko ua wa Estelle ni nukta, na wingu likikaa katikati hakuna kinachoonekana. Droni hupita chini ya mawingu.

Ila pamoja na macho yake yote, droni haijui vizuri iko wapi. Hukadiria tu, na kwa mtaro wa maji makadirio hayatoshi. Hapo ndipo misalaba inapoingia. Kabla ya droni kuruka, Zéphirin husimamisha fimbo yenye kifaa kichwani katikati ya kila msalaba. Kifaa husikiliza setilaiti na kusema mahali pale ni wapi na pana kimo gani, kwa kosa lisilozidi upana wa vidole viwili. Baadaye kompyuta huitundika picha nzima kwenye misalaba hiyo, kama shuka kwenye vibanio vya kamba. Kibanio kimoja kikihama, shuka lote linakaa upande.

Mwanzoni misalaba ilichorwa kwa chokaa, moja kwa moja kwenye udongo. Asubuhi wanawake wa Katuba wakafanya wanachofanya kila siku kabla hata ya chai: walifagia nyua zao. Droni ilipopandishwa kwa majaribio haikuona msalaba hata mmoja. Iliona mistari ya ufagio, imenyooka vizuri, ua baada ya ua.

"Mulifuta kazi yangu!" Zéphirin alilalamika njiani.

"Papa, we njo ulimwaga buchafu mu lupango ya bantu," mama mmoja akamjibu kutoka ndani ya lupango, yaani ua wake, "na sisi tukufagilie bure?"

Ndipo wakaja na turubai, ambalo hapa huitwa bashi. Bashi halifagiliwi. Lakini bashi linaweza kubebwa, na hilo hakuna aliyelifikiria.

Tena kuna jambo ambalo Zéphirin, mgeni wa mtaa huu, hakulijua. Kwa watu wengi hapa, msalaba uliochorwa kwenye makao ya mtu una maana moja tu. Wanasimulia kwamba nyumba ikitakiwa kuvunjwa, huja watu na kopo la rangi nyekundu, wakaweka msalaba ukutani, wakaenda zao bila salamu. Baada ya hapo mwenye nyumba huanza kung'oa mabati mwenyewe kabla hayajapondwa.

Estelle alipita mlango kwa mlango akieleza kwamba msalaba huu si ule. Huu ni wa kutazamwa na droni, na utaondolewa kazi ikiisha.

"Bote balisema ndiyo, Mama Estelle, tumesikia," anasema. "Ile ndiyo ya mudomo. Macho ilikuwa inaangalia bashi."

Yeye mwenyewe alikuwa na hofu yake, ya aina nyingine.

Nyumba yake ilijengwa na baba yake, aliyetoka kaskazini ya Katanga na kufanya kazi ya reli mpaka akastaafu. Alinunua kiwanja karibu na kijito kwa kuwa huko kilikuwa rahisi. Hakuwa na uwezo wa kununua matofali. Alichimba udongo pale pale kiwanjani, akafyatua matofali, akayachoma, akajenga. Kila tofali la ukuta limetoka kwenye ardhi ya ua. Kadiri nyumba ilivyopanda, ndivyo ua ulivyoshuka.

Msimu wa mvua uliopita maji yaliingia mpaka kwenye mbao za kitanda. Watoto walikaa juu ya meza. Magunia ya makala, mtaji wote wa Estelle, yalilowa mpaka yakawa uji mweusi. Tangu hapo mumewe, Donat, anayelinda geti la ghala huko Kinsevere na kurudi nyumbani mara chache, akipiga simu hasemi tena habari za jioni.

"Anauliza tu: mayi iko wapi?" Estelle anasema. "Ata sasa, jua kali hivi. Mayi iko wapi."

Wiki iliyopita, siku ya kuruka mara ya kwanza, Estelle alikuwa kwenye msalaba wa mbali, karibu na barabara, akizuia wauza nyanya wasitandaze bidhaa juu yake. Ulipomaliza kupigwa picha, Zéphirin alimruhusu aende kunywa maji. Estelle alifungua lango lake na kuukuta uani msalaba wa ua wa jirani.

Haukuwa umetupwa. Ulikuwa umetandikwa vizuri, umenyooshwa, kila kona na jiwe lake, kama kitanda cha mgeni.

"Nilijua palepale ni mukono ya nani," anasema. "Ile mawe ilikuwa na masizi. Njo mawe ya ziko mbili ya Mama Jeanne. Alibeba bashi, akabeba na mafiga yake, asiibe mawe yangu."

Mlio ukaja juu ya kichwa chake, kama nyuki waliofungiwa ndani ya debe. Droni ilikuwa inapita mstari wa nyumba zao. Ilipita, ikageuka, ikapita tena, na kila ilipopita ilikuwa inauona msalaba mahali ambapo haukupimwa.

Estelle alielewa maana yake, kwa sababu Zéphirin alikwisha kumweleza mara nyingi. Fimbo ilipima msalaba ukiwa kwa Mama Jeanne, ambako ardhi imeinuka. Sasa msalaba uko kwake, chini. Kompyuta itaambiwa kwamba penye msalaba huu ndipo penye kimo kile cha juu. Itajaribu kutii. Itakiinua kiwanja chake.

"Nilifikiri, sitakudanganya," anasema, na anaushusha mkono mpaka kwenye turubai, akaunyoosha mkunjo usiokuwapo. "Nilisema, Estelle, ukinyamaza tu, nyumba ya papa inapanda. Hakuna muntu umeiba. Hakuna kitu umefanya. We uko unakunywa mayi yako."

Kikombe alikuwa nacho mkononi, anakumbuka, na hakukinywa.

"Kisha nikafikiri ile mayi ya mwaka jana. Ilikuwa inaingia na viatu ya watoto inaelea. Ile mayi haingojake karte. Itakuya tu kwangu, ata baandike niko ku mulima."

Alimkuta Zéphirin akikunja miguu ya droni. Alimweleza yote, akataja hata mafiga. Mpima akakaa juu ya sanduku lake.

"Mama Estelle. Uko unaniambia nini?"

"Niko nakuambia ile nimesema."

Zéphirin anasema angeligundua kosa mwenyewe, ila kwa kuchelewa. "Ule musalaba ungegombana na mingine ku kompyuta. Ningesema ni fimbo yangu ilikosea, ningeutoa. Lakini upande wa kijito sina misalaba mingi. Ukitoa ule, karte inajikunja ku ukingo, sawa karatasi yenye kulowa. Na ni kule ku ukingo njo mayi inapita."

Kuna ubaya mwingine, na huo ndio ulioufanya mtaa mzima kunyong'onyea ulipojulikana. Pale wahandisi wasipokuwa na uhakika wa kimo, hupanua eneo la hatari. Eneo likipanuka, halitakula nyumba ya Estelle peke yake. Litapanda mpaka kwa Mama Jeanne.

Estelle ndiye aliyekwenda kumwambia.

"Mama Jeanne, bashi yako iko kwangu."

"Ile si yangu. We njo ulileta."

"Na kwa nini uipeleke kwangu? Nyumba zote hizi?"

"Kwako njo karibu," Mama Jeanne alijibu. "Mugongo inaniuma."

Estelle hakujua acheke au apige kelele. Mama Jeanne akajifuta uso kwa ncha ya kitenge. Zamani, alisema, walipokuwa wamepanga huko Kampemba, msalaba mwekundu uliwekwa kwenye mlango wao. Walitoka na godoro na sufuria. Alipofika Katuba aliapa kwamba hataanza upya mara ya pili. Alipoliona bashi uani kwake, maneno yote ya Estelle yalimtoka kichwani, akabaki na msalaba tu.

"Sikutaka ubaya wako, mwana ya mama," alisema. "Nilitaka tu itoke kwangu."

Ndiyo maana leo wako wawili, mmoja kwenye kiti na mwingine kwenye kinu. Zéphirin ameupima msalaba upya. Wingu la kaskazini limekuwa na tumbo jeusi. Simu ya Estelle inaita.

"Mama Estelle, musalaba iko?" anauliza Zéphirin.

"Iko."

"Mahali yake?"

"Mahali yake, chef. Niko nayo sawa mutoto."

"Upepo unapanda. Naanza na upande wenu. Musipite juu yake."

Mlio unasikika kabla ya droni kuonekana. Mwewe, ambaye siku zote huzunguka juu ya soko, anaacha duara lake na kuifuata. Anajitupa mara moja, anakosa. Droni inapanda kidogo, inasita, kisha inarudi kwenye mstari wake. Mama Jeanne amesimama na mchi mkononi.

"Itaanguka!"

"Haianguke. Nyamaza."

Upepo unaingia uani kwa ghafla. Unavuruga majani ya sombe, unapiga lango, unang'oa kitenge cha Mama Jeanne kutoka kwenye kamba ya nguo. Kitenge kinapaa, kinajikunja hewani, kinashuka na kulala chote juu ya msalaba.

Estelle anainuka, lakini Mama Jeanne amemtangulia. Ameuangusha mchi, ameruka beseni, amekinyakua kitenge kwa mikono miwili na kukikumbatia kifuani kama mwizi aliyekamatwa nacho. Droni inapita juu yao.

"Imeniona?" anauliza, akihema.

"Imekuona."

"Na kichwa hivi? Sikufunga ata kitambaa!"

"Itakupima urefu, Mama Jeanne. Batakuandika kichuguu."

Wanacheka, wote wawili, huku macho yao yakiwa juu. Droni inageuka mwisho wa mtaa na kurudi. Inageuka tena. Wingu limeshafunika jua, na vivuli vya nyumba vimepotea. Estelle anahesabu kwa midomo mistari iliyobaki, kisha anaacha, kwa kuwa kuhesabu kunamfanya aogope zaidi. Tone la kwanza linaanguka kwenye turubai, kubwa, na kuacha duara juu ya sehemu nyeupe. Anainama na kulipangusa kwa kiganja kana kwamba droni italiona.

Simu inaita.

"Imeshuka," anasema Zéphirin. "Iko mukononi. Tumemaliza."

Estelle anakaa chini, juu ya udongo, si kwenye kiti. Mvua haikunyesha siku hiyo. Ilidondosha matone machache, ikaenda kunyesha kwingine.

Siku mbili baadaye Zéphirin anamwita kwenye chumba alichoazimwa na parokia. Kompyuta imeshazipanga picha. Safari hii misalaba yote inakubaliana. Kwanza anamwonyesha mtaa kama ulivyo: mapaa, kamba za nguo, ufagio uliosahauliwa. Estelle anaitambua nyumba yake kwa tairi kuukuu linaloshikilia bati. Kisha Zéphirin anabonyeza, na mtaa unageuka rangi. Palipoinuka ni pekundu, kisha manjano, kisha kijani. Palipo chini ni buluu.

Ua wa Mama Jeanne ni wa manjano. Kando yake, kuelekea kijito, rangi inashuka haraka, na katikati ya buluu kuna umbo lenye pembe nne, buluu nzito kuliko yote, limechongwa sawasawa kama sanduku.

Estelle analigusa kwa kidole kwenye kioo.

"Iko pale," anasema. "Shimo ya papa."

Shimo la jembe la baba yake bado linaonekana kutoka juu, kona zake zote nne, miaka mingi baada ya kufa kwake. Kati ya ua wake na wa Mama Jeanne kuna tofauti ya kimo inayokaribia urefu wa Estelle mwenyewe.

"Chef, itabakia ao itavunjwa?"

Zéphirin anavua kofia. "Si mimi nachora mutaro, mama. Mimi naleta tu udongo sawa vile iko. Bale benye kuchora, nitabaonyesha hii. Eneo halitapanda mpaka kwa Mama Jeanne, ile naweza kukuambia. Juu yako, sijui."

Kuhusu malipo ya watakaoondolewa, mtaani kila mtu ana habari yake. Wengine wanasema watapewa kiwanja, wengine wanasema watapewa ahadi. Ofisi inayosimamia kazi haijasema lolote. Estelle anasema hataingoja. Kiangazi kijacho timu itapima sehemu ya Kampemba, na Zéphirin amekubali kumfundisha kushika fimbo, si kulinda bashi tu. Mshika fimbo hulipwa vizuri zaidi. Anataka atafute kiwanja kidogo cha juu, hata cha chumba kimoja, na safari hii matofali atayanunua.

"Udongo ya kwetu hatuchimbe tena," anasema.

Lakini kiangazi kijacho kiko mbali, na mvua ziko hapa. Jioni hiyo anarudi kwa Mama Jeanne akiwa amebeba mbao za kitanda begani. Bashi limeshakunjwa na kuchukuliwa. Udongo wa pale lilipokuwa umepauka kuliko wa kando, na mafiga manne yenye masizi bado yako kwenye pembe zake. Juu ya mahali hapo Mama Jeanne amekubali wasimike nguzo na kutupia mabati, ili vitu vya Estelle na watoto wake wapate pa kukimbilia maji yakija.

Simu inaita. Ni Donat.

"Bado," Estelle anamwambia, kabla hajauliza maji yako wapi.

Anaiweka simu mfukoni, anapiga magoti, na kulaza ubao wa kwanza juu ya mafiga. Kaskazini pamenguruma, mbali. Mama Jeanne anasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Magodoro, sawa. Batoto, sawa. Lakini ile bata yako yenye kuchafua, hapana, Estelle. Isikanyage hapa."

"Bata ibakie kule," anasema Estelle, akiujaribu ubao kwa mkono kama umekaa sawa. "Yenyewe inajua kuogelea."